Maswali ya Krismasi: jiko litoke chumbani

Tangu mvua zikolee nimepokea maswali mengi, na karibu nusu yake ni ya baridi. Watu wa Dar wakisikia Kigoma kuna baridi hushangaa, maana wao wanaijua Kigoma ya ziwani. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Buhigwe wako juu zaidi ya hapo, na mvua ikishinda inanyesha, mtoto anatetemeka kweli. Nimeyatanguliza maswali ambayo jibu lake linaweza kuokoa mtu, ya mapishi nimeyachomeka katikati.

Shangazi, shikamoo. Niko Manyovu, nina watoto watano, na wageni sita wanakuja na treni kutoka Dar. Watoto wote watalala chini, chumba kimoja. Baridi ya usiku ni kali, kwa hiyo nawasha mkaa nje mpaka ukolee na moshi uishe, ndiyo naingiza jiko chumbani na kufunga mlango na dirisha. Niko sahihi?

Marahaba, mwanangu. Hauko sahihi, na jiko hilo lisiingie tena hata usiku wa leo, usingoje wageni.

Umeuogopa moshi, na moshi si ndio unaoua. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi angalau humkohoza mtu akatoka nje. Hii inamwacha amelala. Ikishaingia mwilini inaing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kile ambacho moyo na ubongo vinakihitaji. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliye macho anaweza kushtuka. Aliyelala hashtuki, usingizi unazidi kuwa mzito mpaka mwisho. Watoto inawawahi kuliko watu wazima, na mama mjamzito ana wawili wa kuwaogopea.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulitoka kanisani usiku wa mkesha, tumelowa, mama akatuletea jiko chumbani ili tukauke na nguo za kesho zikauke. Gauni langu la njano lilitandikwa kwenye mgongo wa kiti, naliona likitoa mvuke. Kichwa kikaanza kunigonga. Mdogo wangu akatapika chakula chote, na baba akasema nyama haikuiva. Akachukua ndoo ya matapishi kwenda kumwaga, akauacha mlango wazi, na ile baridi tuliyoikimbia ndiyo iliyotuamsha. Miaka mingi tulisimulia habari ya nyama mbichi. Nilikuja kuelewa ukubwani.

Ndiyo maana nawaomba mlishike hili: watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, msikimbilie kusema malaria, wala chakula, wala kurogwa. Toeni watu nje kwanza, kisha jiko. Aliyezimia apelekwe hospitali apate oksijeni, na mwambieni mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani, asije akapoteza muda kutafuta ugonjwa mwingine. Msimmiminie maziwa mdomoni mtu asiyejitambua, atapaliwa.

Nikiweka beseni la maji karibu na jiko, ile hewa si inaingia kwenye maji? (Kasulu)

Haiingii. Chumvi haisaidii. Kufukia makaa kwa majivu hakusaidii. Swali hili nimelijibu mwaka jana na mwaka juzi, na bado watu wanapeana ushauri huo kwa simu kana kwamba ni dawa. Tafadhali asiupeleke tena mtu yeyote.

Na dirisha likiachwa wazi kidogo?

Unautegemea upepo, na upepo hukuahidi kitu. Halafu dirisha likiwa wazi kiasi cha kutosha, joto lote linatoka. Sasa jiko la nini?

Mawese yangu yameganda kwenye dumu. Yameharibika?

Hayajaharibika, ni baridi tu. Simamisha dumu kwenye beseni la maji ya moto, yatayeyuka.

Wageni wangu wa Dar wanataka dagaa na migebuka. Kila Desemba nikienda mwaloni Kibirizi naambiwa hakuna, au bei imepanda. Ni kwa sababu ya kufungwa kwa ziwa?

Hapana. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Desemba haimo humo. Wewe angalia mwezi angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanaifuata taa gizani. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo wakishona nyavu. Basi kabla ya kumwahidi mgeni, hesabu mwezi utakuwa wapi wiki ya Noeli. Ukiangukia kwenye mbalamwezi, nunua mapema, wakati wa giza.

Kitu cha pili ni mvua. Dagaa wa masika huanikwa huku watu wanaangalia mawingu, na waliokauka nusu huanza kunuka ndani ya siku mbili tatu. Chukua wachache, vunja mmoja: akikatika kwa mlio ni mkavu, akipinda mwache. Tafuta walioanikwa juu ya kichanja, siyo mchangani, maana mchanga hautoki hata ukiwaosha maji saba. Migebuka chukua wa kukaushwa kwa moshi kama huna friji. Wapike kwa mawese na nyanya chungu kidogo, wageni watasahau pilau.

Pilau yangu inakuwa bokoboko kila sikukuu. Nifanyeje?

Maji mengi. Pima kwa kikombe, usimimine kwa macho. Jamani, hili nalo tumeshaliongea.

Shangazi, mkwe wako nimejifungua wiki tatu zilizopita, niko Kibondo. Mama mkwe anasema mzazi lazima alale na jiko la mkaa chini ya kitanda ili mwili urudi na mtoto asipate baridi. Namheshimu na sitaki ugomvi sikukuu hii.

Hongera sana kwa kujifungua. Mama mkwe ana haki kwenye jambo moja: mtoto wa wiki tatu hapaswi kupata baridi, mwili wake haujaweza kujitunzia joto. Mwambie hivyo kwanza, ili ajue mnataka kitu kimoja. Kisha mwambie jiko libaki nje lichemshe maji ya kukukanda, maana hilo la kukanda ndilo analolijua vizuri na atalifanya kwa moyo.

Mtoto mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu, halafu mjifunike khanga na blanketi, uso wake ukiwa wazi. Hakuna jiko linalompa joto la namna hiyo. Ukiwa umechoka, baba yake naye ana kifua. Lakini ukianza kusinzia, mtoto alazwe pake. Asibaki kifuani mwa mtu aliyelala. Asipokuwa kifuani, mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe. Ukitaka kujua kama ana baridi, gusa tumbo au shingo kwa nyuma, siyo viganja. Muogeshe mchana, maji ya uvuguvugu, haraka, umkaushe kichwa kabla ya kitu kingine. Akipumua harakaharaka, kifua kikibonyea ndani kila akivuta pumzi, au akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni tarehe 25 na pilau iko mezani.

Na chandarua. Watu wanafunga kila tundu eti mbu wasiingie, kisha wanalala bila chandarua. Mvua hizi ndizo za malaria. Chandarua chenye dawa kinakulinda huku dirisha likipumua.

Wajukuu wasipitishwe mikononi mwa wageni wote wenye mafua. Hujaniuliza, lakini nakwambia.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na bati, haina dari. Usiku ni kama tumelala nje, na alfajiri matone yanatudondokea hata kama mvua haijanyesha. Bila jiko tutapataje joto?

Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja, kwa sababu wengi wanapigana na baridi kwa moto wakati ugonjwa wa nyumba ni unyevu.

Bati usiku linapoa haraka. Pumzi zenu na mvuke wa chakula vinapanda, vinakuta bati la baridi, vinageuka maji na kuwadondokea. Bati linatoa jasho, na jasho ni lenu wenyewe. Bila dari, joto lote la miili linapanda hukohuko. Kwa hiyo fedha yoyote uliyotaka kununulia magunia ya mkaa iweke juu ya vichwa vyenu. Huwezi mbao? Shona viroba vya sulfeti, vifue vikauke, uvitandaze kwa misumari na kamba chini ya kenchi. Nimelala kwenye nyumba yenye dari ya viroba huko Heru Juu na tofauti niliiona usiku wa kwanza. Ila koroboi na mshumaa vikae mbali, kiroba kinashika moto upesi.

Kisha shuka chini. Godoro lililowekwa juu ya sakafu ya saruji linanyonya baridi. Tanguliza mkeka, au maboksi mawili yaliyokunjuliwa, halafu godoro. Watoto walale pamoja, mablanketi mawili membamba yakibebana yanashinda moja zito. Nguo mbichi zisianikwe chumba cha kulala. Mchana mvua ikikatika hata saa moja, fungua madirisha yote, toa matandiko juani. Godoro kavu ni nusu ya joto. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kizuri, izungushie khanga, weka miguuni kwa mtoto mkubwa au mzee. Kwa mtoto mchanga usiweke, inaunguza.

Na lile tundu la bati linalovuja tangu Aprili, ulikuwa na kiangazi kizima cha kuliziba. Panda leo kama pamekauka.

Naweza kutumia jiko la umeme la koili kupasha sebule joto, tukiwa tunaangalia TV?

Usifanye hivyo. Koili iko wazi, watoto wanacheza, kapeti liko pale, na mara nyingi hilo jiko, TV na taa za mti wa Krismasi vyote vimening'inia kwenye ekstensheni moja nyembamba. Shika waya wake kwa mkono: ukiwa wa moto, umeshaanza safari ya kuungua. Umeme ukikatika na mkawasha jenereta, ikae uani mbali na madirisha, siyo kibarazani. Moshi wake una hewa ileile ya mkaa. Jiko la gesi nalo ni la kupikia tu. Ukisikia harufu ya gesi fungua milango, usiguse swichi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, palepale watoto wanapolala.

Mume anataka tuchinje mbuzi wawili. Mimi nawaza ada na sare za Januari.

Mmoja. Mpeleke mumeo dukani mkaulize bei ya sare pamoja, kabla ya kwenda mnadani.

Bibi yetu ameota moto ndani ya nyumba zaidi ya miaka sabini na hajafa. Mnatutisha tu. (Kigoma Mjini)

Sikutishi. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, na nyasi zinapitisha hewa. Ulikuwa ukiangalia kutoka nje unaona moshi unafuka paa zima. Kuta zilikuwa na mianya, mlango ulikuwa wa matete. Nyumba ile ilipumua, na hata hivyo bibi alikohoa, na macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi, kumbuka vizuri. Wewe umejenga kwa saruji, ukapiga dari, ukaweka dirisha la kioo na mlango wa chuma usiopitisha hata mchwa. Ukaingiza humo moto wa bibi. Ni kama umejiweka kwenye sufuria ukajifunika.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini jiko lako la mkaa kutolewa nje halihitaji mkakati, linahitaji mikono miwili na kitambaa.

Shangazi, mkesha wa Krismasi tunachemsha makongoro usiku kucha kwa mkaa, na dada wa kazi analala hukohuko jikoni ili aongeze maji. Jiko letu liko ndani ya nyumba. Naona hatari ni kwa waliolala vyumbani, au nao wako salama?

Umeuliza habari za waliolala vyumbani. Huyo binti aliyelala hatua mbili kutoka kwenye mkaa, mlango umefungwa ili harufu isifike sebuleni, hukumuuliza. Ndiye wa kwanza. Ameamka alfajiri kabla yenu, amefua, amekatakata vitunguu vya watu kumi na wanne, amechoka, atalala fofofo, na uchovu huo utamzuia asiamke kichwa kikianza kuuma.

Makongoro yaanze tarehe 24 asubuhi, jiko likiwa uani chini ya bati la kibarazani, yaive kabla ya jua kuzama. Usiku yafunike. Kesho yapashe moto yachemke kabisa. Binti mtandikie godoro sebuleni au chumbani na watoto wa kike, mpe blanketi lake mwenyewe, na mama wa nyumba ndiye ahakikishe kabla ya kulala kwamba makaa yamemwagiwa maji na jiko limelala nje.