Maswali ya Nyumbani: maharage magumu, maji ya Meru, jiko chumbani na kahawa ya Jumapili

Nimeolewa Arusha nikitokea Tanga. Kwetu maharage huiva kwa saa moja na nusu, hapa yanakula saa tatu na gesi yote. Mama mkwe anasema niweke magadi. Mume wangu anacheka tu. Nifanyeje?
*Mke mpya, Sakina*

Wala si mkono wako, dada. Tanga iko usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yakishachemka, hata ufungulie gesi hadi mwisho hayapandi tena, yanakauka tu. Kwa hiyo sufuria ikianza kutokota, funika na upunguze moto mpaka uone viputo vidogo. Utaokoa gesi hata kabla hujabadilisha kingine chochote.

Loweka jioni: nusu kilo ya maharage kwa lita moja na nusu ya maji, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Watu wengi hulaumu chumvi kwa ugumu wa maharage, lakini mkosaji hasa ni nyanya, limau au ukwaju ukitangulia. Uchachu huzuia ganda kulainika, kwa hiyo nyanya ziingie harage likishabonyea vizuri kati ya vidole. Na sokoni ulizia ya msimu huu. Harage lililokaa stoo zaidi ya mwaka, hasa penye joto, huweza kugoma hata likilowekwa usiku kucha.

Kama mna uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha jikoni mwaka huu, nunueni presha kuka. Hupandisha maji juu ya nyuzi 110, na tofauti ya Tanga na Arusha inakwisha hapo hapo. Maharage yaliyolowekwa hutaka dakika 25 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Usijaze zaidi ya nusu, na tia kijiko kimoja cha mafuta, kwa sababu povu la maharage likipanda huziba tundu la mvuke. Ukizima, iache ipoe yenyewe. Ukitoa mvuke kwa haraka, maganda hupasuka na supu hurukia dari.

Kuhusu magadi, mama mkwe hajakosea: kweli yanalainisha. Tatizo ni kwamba magadi ya ukanda huu mara nyingi huwa na floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa ya kahawia, na maji ya Arusha tayari yana yake. Ukishakuwa na presha kuka huyahitaji, na huna haja ya kubishana na mtu.

Tunatarajia mtoto wa kwanza. Meno ya mume wangu yana madoa ya kahawia tangu utoto, amekulia huku huku. Tukichemsha maji vizuri, mtoto atapona na hilo?
*Wazazi watarajiwa, Usa River*

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na msiache kuchemsha, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Lita 10 zenye miligramu 2 kwa lita zikichemka hadi zibaki 8, sasa zina miligramu 2.5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Chujio la mishumaa nalo haliigusi.

Floraidi hii hutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kuwa kizuri na cha jirani kibaya. Pimisheni maji yenu kwanza. Yakizidi, kuna njia kadhaa. Mkaa wa mifupa hunasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani yenu, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba mkaa ukichoka maji hayabadiliki ladha wala rangi. Usipopima au kubadilisha kwa wakati, unakunywa yale yale ukidhani umechuja.

Kwa nyumba ya watu wawili tunapendelea mvua. Maji ya kunywa na kupikia ni kama lita 10 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linakwenda siku 100. Bati la mita 20 za mraba likipata milimita 10 za mvua hutoa lita 200 kwa hesabu, 160 mkononi. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, na baadaye, kila mvua, mwaga maji ya dakika 10 za mwanzo. Funika tangi, weka wavu kwenye mdomo, na ya kunywa bado uyachemshe. Kuoga na kufua endeleeni na ya bomba.

Mtoto akizaliwa, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana. Hatari ni maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya bomba, kwani mtoto hunywa mengi kuliko mtu yeyote nyumbani ukilinganisha na uzito wake. Meno ya ukubwani hujijenga ndani ya fizi hadi karibu miaka 8, kwa hiyo utaratibu huu ni wa miaka, si wa miezi.

Julai chumba chetu ni barafu. Mume wangu huingiza jiko la mkaa kama dakika 20 kabla hatujalala. Ni sawa?
*Njiro*

Acheni leo. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, hutoa kabonimonoksidi, gesi inayoua, isiyo na harufu wala rangi, na dirisha la nusu halitoshi. Nunueni chupa ya mpira ya maji ya moto: jaza theluthi mbili kwa maji yaliyotulia baada ya kuchemka, kamua hewa, zungushia taulo. Blanketi moja litandikwe chini ya shuka, maana kwenye godoro jembamba baridi hutokea chini. Nguo mbichi zisikaushwe chumbani.

Wakwe wametupa kilo mbili za kahawa ya maganda kutoka Machame. Tunataka Jumapili tunywe ya kwetu, siyo ya kopo. Hatuna mashine yoyote.
*Wawili wa Rau, Moshi*

Mna kinu na karai? Basi mnazo mashine. Twangeni gramu 300 kwa mara, mchi uanguke kwa uzito wake tu, kisha pepeteni. Kilo ya maganda hutoa kama gramu 800. Toeni punje nyeusi na zilizotobolewa, moja iliyovunda huharibu birika zima.

Kaangeni nje, moshi ni mwingi. Gramu 200 kwenye karai zito, moto wa wastani, mwiko usisimame. Zitageuka njano, kisha kati ya dakika ya 8 na ya 11 zitaanza kupasuka kwa sauti. Kuanzia hapo ni dakika moja au mbili tu. Zimwage kwenye ungo kabla hazijafika rangi mnayoitaka, kwa sababu joto lake lenyewe linaendelea kuzipika, na mzirushe hadi zipoe. Zikiwa nyeusi nje na chachu ndani, moto ulikuwa mkali. Zikizidi dakika 20 bila kupasuka, moto ulikuwa mdogo na ladha itapooza.

Ziacheni zipumue hadi kesho yake, chombo kisifungwe kabisa. Twangeni chembe za ukubwa wa sukari: gramu 30 kwa nusu lita. Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo mimina papo hapo, koroga mara moja, funika dakika 4, chuja kwa chujio la chai. Msirudishe motoni. Ile ya kijiweni inayochemshwa muda mrefu ni kinywaji kingine, nayo haiendi bila kashata.

Kaangeni ya wiki mbili tu kwa mara. Iliyobaki iacheni ndani ya maganda, mfuko uning'inie pakavu, mbali na moshi wa jiko na mafuta ya taa, kwani kahawa hunyonya harufu.