Usimwache kwanza

Dada, umeuliza kama umwache mgonjwa wako wa tiba ya mazungumzo, aliyekusifu juma lililopita na leo amekutukana. Usimwache. Hapa Bukavu nilikuwa na baba mmoja, kila akifika anageuza kiti, ananipa mgongo, anatazama ziwa. Nilikasirika, kweli. Nikawa namwambia tu: "Papa, niko hapa. Alhamisi tena, saa tisa." Baada ya miezi miwili hivi alikigeuza kiti mwenyewe, akaanza kulia. Winnicott, daktari wa London, alikiri tangu 1949 kwamba mtabibu anaweza kumchukia mgonjwa wake. Hatari ni kuificha chuki hiyo. Ila mgonjwa akitishia kukupiga, simamisha tiba siku hiyohiyo. Na mtafute mwenzako wa kazi umweleze yote, usibebe peke yako.