Nikiwa laivu nasikia sauti yangu inarudi sikioni, tatizo ni nini?

SWALI: Nimeanza uripota wa TV juzijuzi. Nikiingia laivu kutoka nje, mtangazaji akiniuliza kitu naonekana nimeduwaa kwanza, na saa nyingine nasikia sauti yangu mwenyewe inarudi sikioni kwa kuchelewa mpaka nababaika. Ni mimi au mitambo?

JIBU: Mdogo wangu, hayo mambo mawili tofauti. Kuduwaa huwezi kukwepa, ila hiyo sauti kurudi ni kazi ya studio na wairekebishe.

Setilaiti za matangazo ziko juu karibu kilomita 36,000, swali lipande mpaka kule lishuke kwako ni kama robo sekunde, jibu lako nalo robo nyingine, na hapo bado mitambo haijaanza kubana na kufungua picha. Ukitumia lile begi la mgongoni lenye laini kadhaa za simu ndo balaa, maana picha inakatwa vipande kila laini inabeba chake, halafu upande wa pili vinasubiriana vipangwe upya, hizo zinaweza kwisha sekunde mbili hivi. Fundi anaweza kupunguza huo muda lakini mtandao ukiyumba kidogo tu picha inaganda, na mimi bora nichelewe kuliko kuganda mdomo wazi. We tulia, macho kwenye lenzi, uso wa mtu anayesikiliza, na swali likiisha ingia moja kwa moja kwenye jibu, hizo "asante sana, ni kweli kabisa" zinazidi kula muda.

Sasa sauti kurudi. Studio wanatakiwa wakurushie sikioni kila kinachokwenda hewani ISIPOKUWA sauti yako. Fundi sauti akikurushia yote kama ilivyo, unajisikia umechelewa na ulimi unakuwa mzito, hata mkongwe wa hii kazi anababaika. Kwahiyo kabla ya kuingia hesabu moja mpaka kumi kwa sauti, ukijisikia mwambie prodyuza hapohapo asikwambie "tutaangalia". Ikikukuta ushaingia hewani, sikiliza swali, chomoa kitu sikioni, jibu, kisha rudisha haraka maana humo humo ndo prodyuza anakwambia umebakiza sekunde ngapi.

Na mkigongana na mtangazaji, wewe ndo unyamaze mpaka amalize, mkianza tena wote mtagongana tena.