Ayubu alirarua joho kwanza

Dada uliyevunjiwa chumba kule Sakina, pole sana. Umesema wamebeba kompyuta, vyeti, kitambulisho na vitenge alivyokuachia marehemu mama yako, na kila anayekuja anakwambia "mshukuru Mungu uhai upo, vitu vinatafutwa", mpaka unajiona mwenye dhambi kwa kulia. Hilo la kulia ndilo nataka kukujibu, maana limenikuta.

Mwaka 2019 nilipanda basi Moshi kwenda Arusha, begi nikaliweka kwenye buti. Boma Ng'ombe walishuka abiria wengi. Kufika stendi Arusha buti linafunguliwa, begi halimo. Nguo sikuzililia hata siku moja. Ila mle ndani kulikuwa na Biblia ya mama na kitabu chake cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, na kurasa za mbele za ile Biblia alikuwa ametuandika watoto wote sita kwa mkono wake: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara. Mama alishatangulia. Mwandiko wake mwingine sina.

Na mimi nilisomewa Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Ni neno la kweli, lakini kila nikisomewa nilizidi kunyong'onyea. Usiku mmoja nikaanzia mstari wa 20. Kumbe kabla Ayubu hajatamka hayo, aliinuka, akararua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini akasujudu. Na rafiki zake, kabla ya yale maneno yao marefu, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya. Kwa hiyo lia, dada. Aliyelia vile ndiye huyohuyo aliyesujudu.

Kwangu alikuja bibi mmoja wa jumuiya yetu na ndizi mshare kwenye kikapu. Akaketi jikoni akaanza kumenya za mtori, nami nikachukua kisu. Hakuniuliza kitu. Chungu kilipokuwa motoni akaanzisha wimbo aliokuwa akiupenda mama, nikashangaa beti zote ninazo, tena kwa sauti ya mama. Hapo ndipo nilipoanza kupata usingizi.

Vyeti usivilaze. Kachukue ripoti ya polisi mapema. NIDA, wale wa vitambulisho, na Baraza la Mitihani wote wataanza kwa kukuuliza hiyo. Vitenge havina ofisi. Hivyo mtajie Mungu kimoja kimoja, rangi yake na siku mama alipokivaa. Mimi niliomba hivyo, na sikuwahi kuona kama namsumbua.

Nilinunua Biblia nyingine nikaanza kuandika upya. Za kuzaliwa tulizikumbuka wenyewe, za ubatizo nilikwenda usharikani nyumbani, katibu akanifungulia kitabu cha ubatizo, zote zimo. Imebaki tarehe ya kipaimara ya kaka yetu mkubwa. Nimemwachia mstari wake wazi.