Jibu: Sarafu ya duma ya 1974, nitajuaje kama ni dhahabu kweli?

Mkuu, umeuliza kama uikwangue kidogo uione ndani. Usiikwangue kabisa! Ile shilingi 1500 halisi, yenye Mwalimu Nyerere upande wa pili, ina gramu 33.437, dhahabu asilimia 90. Tafuta mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya maji, urudishe sifuri, kisha zamisha sarafu yote ikining'inia kwa uzi bila kugusa glasi. Mzani sasa unasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu: kwa dhahabu usome karibu gramu 1.93, ukifika 3.7 na kuendelea, hiyo ni shaba iliyopakwa dhahabu. Viputo vya hewa vikinasa kwenye michoro ya duma hupandisha namba, vitikise vitoke. Na limau au dawa ya meno usiiguse nayo: ikishapata mikwaruzo, wakusanyaji wanaikimbia, unabaki kuiuza kwa bei ya gramu tu.