Kwa Wanaoanza Uchuuzi wa Samaki Malindi

Mchuuzi mgeni hapa Malindi huuliza kwanza samaki wako wapi, ilhali swali lenye uzito zaidi ni wachuuzi wangapi wamekwisha kupata habari hiyo hiyo. Zikienea habari usiku kwamba mashua za Ngomeni zimeshusha nguru wengi, alfajiri diko litajaa wanunuzi na bei itapanda, huku Mayungu, ambako hakuna aliyekutaja, nahodha akikosa wa kumuuzia.

Nadharia ya michezo, yaani elimu ya maamuzi ambayo matokeo yake hutegemea wengine wanaamua nini, inaifahamu vyema hali hii. Mwaka 1994 mwanauchumi W. Brian Arthur alitoa mfano wa baa ya El Farol iliyoko Santa Fe, Marekani: watu 100 huamua, kila mmoja peke yake na bila kushauriana, iwapo waende huko Alhamisi usiku, wakiwa chini ya 60 hustarehe, wakizidi hapo ni heri mtu angebaki kwake. Utabiri unaoaminiwa na wote hujivunja wenyewe, kwa kuwa wote wakiamini patajaa hakuna atakayekwenda, na wakiamini patakuwa patupu, patafurika. Katika kompyuta, Arthur alimpa kila mtu wa kubuni kanuni kadhaa za kukisia, atumie ile iliyolenga vizuri siku za karibuni. Wastani wa waliohudhuria ukakaa karibu na 60, ingawa waliokwenda walibadilika kila wiki.

Kwa hiyo msishikilie kanuni moja. Kwenda leo kule ambako jana kulikuwa kimya hufaa mradi wanaofanya hivyo ni wachache. Nanyi hamtatangaziwa siku watakapokuwa wengi. Wekeni kanuni mbili tatu, na inayokosea mfululizo ipumzisheni.

Lakini hayo ni ya kununua. Kuuza kuna hesabu tofauti kabisa, kwa sababu mteja hufuata mahali wauzaji walipokusanyika, na anayejitenga ili akwepe ushindani hukaa na changu wake mpaka barafu iyeyuke. Kwa maoni yangu, kuchanganya hali hizi mbili ndiko kunakowagharimu wageni zaidi ya bei mbaya. Wakati wa kusi kali, mashua chache zinapotoka, kukisia hakusaidii sana. Hapo mwenye ahadi na nahodha ndiye apataye.

Basi kabla ya kulipia barafu na nauli, mpigieni nahodha, na mkishamwamkia mwulizeni ni wachuuzi wangapi wamempigia tangu magharibi.