Picha za rangi nene: usimame wapi?

Umeuliza kwa nini picha za rangi nene, ukizisogelea, zinageuka tope tupu. Ndivyo zilivyo. Anza mbali, hatua sita hivi, mpaka uso au mti ujitokeze, kisha sogea polepole uone unapovunjikia. Halafu nenda ubavuni: mwanga ukipiga kwa mshazari, matuta ya rangi hutupa vivuli, na utajua wapi ilipita brashi, wapi kisu cha kupakia rangi. Hapo ndipo penye utamu (picha ya simu haikupi huo). Frank Auerbach, mchoraji wa London, picha zake za miaka ya 1950 zilinenepa kwa kurudiwa palepale, kikao baada ya kikao. Ila usiguse, hata kidole kiwashe vipi. Rangi ya mafuta iliyorundikwa huweza kubaki laini ndani kwa miaka.